Ish Smith, Marbury au Stockton: pointi gadi chipukizi wa Moshi amfuate nani?

Februari 2011, kwenye NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, timu ya Memphis Grizzlies ilimtoa Hasheem Thabeet kwenda Houston Rockets. Huku kwetu habari ilikuwa hiyo tu: mtoto wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009 (siku ambayo timu huchagua chipukizi kwa zamu) mbele ya akina James Harden na Stephen Curry, ameshahamishwa kabla hajamaliza misimu miwili. Tuliinung'unikia vijiweni wiki nzima. Hakuna aliyeuliza Houston nao walitoa nini.

Walitoa watu wawili. Mmoja ni Shane Battier, ambaye ndiye Memphis walikuwa wanamtaka. Wa pili ni kijana wa sentimita 183, mwenye mbio kama swala, aliyetupiwa juu yake kama ile nyanya ya nyongeza anayokutupia mama wa soko la Mbuyuni ukishalipia fungu lako. Aliitwa Ish Smith. Kwenye drafti hakuna timu iliyotaja jina lake. Leo nyanya ile ya nyongeza ndiyo inashikilia rekodi ya NBA ya kuchezea timu nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote: 13.

Namleta hapa kwa sababu ya mpwa wangu. Ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita, anacheza namba moja, yaani pointi gadi, yule anayepeleka mpira mbele na kugawa pasi, na katika miaka miwili ameshavaa jezi za timu nne, ukiacha zile siku anazochukuliwa mamluki kwenye mabonanza. Sasa ana njia tatu mbele yake. Abaki na timu yake ya hapa Moshi, anakoanza kila mechi. Aende timu ya Arusha inayompigia simu tangu Pasaka. Au apande basi la Dar es Salaam akajaribiwe na timu ambayo haijamwahidi chochote. Mama yake, dada yangu, ameshachoka. "Kaka, mwambie mwanao, mtembezi hula miguu yake." Na kijana naye hakosi jibu: mwenda bure si mkaa bure. Halafu ananigeukia: "Mjomba, Ish Smith timu kumi na tatu, na pete ya ubingwa anayo. Mimi nne tu naambiwa mzururaji."

Basi Jumapili moja baada ya ibada nikachukua daftari, nikachora mistari miwili kutoka juu mpaka chini, nikapata safu tatu. Safu ya kwanza Ish Smith. Ya pili Stephon Marbury. Ya tatu John Stockton, asiyehama, kwa heshima ya dada yangu. Wote ni pointi gadi waliocheza NBA. Mpwa wangu akataka tuanze na makombe na pointi. Nikakataa. Mstari wa kwanza niliandika: *Nani alishika begi?* Maana yake, kila alipohama, nani aliamua.

Stockton, ambaye begi lake halikutoka kabatini

Huyu namaliza haraka. Alizaliwa Spokane, akasoma chuo cha Gonzaga kilicho palepale Spokane, Utah Jazz wakamchagua wa 16 mwaka 1984, na akakaa Utah misimu 19 mpaka alipostaafu 2003. Asisti (pasi zinazozaa kikapu) 15,806, mipira aliyopora 3,265. Zote mbili ni rekodi na hakuna aliye karibu kuzifikia. Katika miaka yote hiyo alikosa mechi 22 tu. Fikiria. Mimi nimekosa zaidi ya hizo kwa sababu ya mvua peke yake.

Kombe hakupata. Alifika fainali mara mbili, 1997 na 1998, na mara zote mbili akamkuta Michael Jordan amekaa mlangoni.

Dada alifurahi mno na safu hii. "Unaona? Mtu ametulia." Lakini kutulia kwa Stockton hakukuwa kazi yake peke yake. Kwa misimu 18 alikuwa na Karl Malone pembeni, mtu mmoja, mwenye kukimbilia sehemu zilezile. Kuanzia Desemba 1988 mpaka anastaafu alifundishwa na kocha mmoja, Jerry Sloan. Pointi gadi anaishi kwa kumjua mwenzake: huyu anapenda mpira wa kifuani, yule ukimpa wa chini anaupoteza, yule mwingine usimpe kabisa dakika za mwisho kwa sababu mikono inamtetemeka. Stockton alijifunza somo hilo mara moja, akalila miaka 19. Sasa niambie ni timu gani ya Moshi iliyokaa na kocha mmoja na mrefu mmoja hata miaka mitatu. Warefu wetu wakimaliza shule wanaondoka: huyu chuo Dodoma, yule Mwanza, mwingine kapata kazi ya kubeba mizigo mlimani na mazoezi hayaoni tena. Ukibaki hapa ukidhani unamfuata Stockton, utashangaa wewe umebaki na timu ndiyo imehama.

Kwa hiyo Stockton ni wa kumheshimu. Kumfuata kunahitaji watu wengine nao wakubali kukaa, na hilo huliamui wewe.

Ish Smith, begi lililoshikwa na wengine

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu mpaka chai ikapoa.

Kijana anasoma zile timu 13 kama mihuri kwenye pasipoti. Nikamwambia tuziandike kwa mpangilio: Rockets, Grizzlies, Warriors, Magic, Bucks, Suns, Thunder, 76ers, Pelicans, Pistons, Wizards, Hornets, Nuggets. Nane za kwanza ni ndani ya misimu mitano. Rockets alirudi tena katikati, na baadaye akarudi kwingine pia, hivyo mabegi yaliyofungwa ni mengi kuliko timu zenyewe. Kisha nikamwambia aweke alama kwenye kila hamisho ambalo Ish mwenyewe aliamua. Akakuna kichwa.

Kwa wasioufahamu mtindo wa NBA: mchezaji ana mkataba, lakini timu inaweza kuuhamisha mkataba huo kwenda timu nyingine bila kumuuliza, isipokuwa wachache wenye kifungu cha kukataa. Unaamka Orlando, jioni wewe ni mtu wa Milwaukee. Ndivyo ilivyomkuta Ish Februari 2013, akiwa tena nyongeza kwenye mzigo ambao mwenyewe hasa alikuwa J.J. Redick. Miezi sita baadaye Milwaukee nao wakampeleka Phoenix. Mara nyingine timu inakuacha tu, unakaa nyumbani na viatu vyako ukisubiri simu.

Kwa hiyo mpwa wangu anapojilinganisha na Ish, anafananisha vitu viwili tofauti. Yeye mara zote tatu alihama mwenyewe: moja kwa hasira, moja kwa kuahidiwa viatu, na moja kwa sababu rafiki yake alikuwa huko. Ish mara nyingi alihamishwa au kuachwa, na kila alipofika alibaki na kazi ya kumshawishi mtu mpya.

Lakini hapa hapa ndipo penye faida ya kumchunguza. Kwa nini timu 13 zilimtaka? Nyongeza iliyooza hutupwa njiani. Huyu kila alipotupwa, palikuwa na mtu wa kuokota. Nadhani sababu ni kwamba alikuwa na kitu kimoja kisichohitaji kufundishwa upya: mbio zenye macho. Akiupokea kutoka kwa mwenzake mpira wa ribaundi, ule uliokosa goli ukadakwa, sekunde tatu baadaye yuko chini ya goli la pili, na kichwa kiko juu, anaona nani anamfuata. Kitu cha namna hiyo hakihitaji wiki mbili za kuzoeana. Alhamisi umeshuka kwenye ndege, Ijumaa unaingia robo ya pili na timu inakimbia. Kurusha kutoka mbali hakukuwa nguvu yake, na kila mlinzi wa ligi alilijua hilo.

Msimu wa 2015/16 ndio ninaoupenda. Kiangazi Philadelphia walimwacha aondoke, akaishia New Orleans. Philadelphia wakaanza msimu vibaya kiasi cha kutia huruma. Mpaka sikukuu ya Krismasi inakaribia walikuwa wameshinda mechi moja tu. Hawakuwa na mtu wa kupeleka mpira mbele. Tarehe 24 Desemba wakamrudisha Ish, safari hii kwa kulipa nafasi mbili za drafti za raundi ya pili. Yaani walinunua kile walichokiachia bure miezi michache nyuma. Walimaliza na ushindi wa mechi 10 na kupoteza 72, kwa hiyo muujiza haukutokea, lakini ligi nzima iliona tofauti ya timu yenye mchezeshaji na timu isiyo naye. Kiangazi kilichofuata Detroit wakampa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 18. Baada ya miaka sita ya kuishi kwenye masanduku, akakaa mahali pamoja miaka mitatu.

Na ile pete? Denver walimpata 2022 kutoka Washington, katika mabadilishano yaliyomleta Kentavious Caldwell-Pope. Nadhani umeshauona mtindo. Juni 2023 Nuggets wakaifunga Miami Heat 4–1 na kutwaa ubingwa. Ish alikuwa benchi, kavaa, akipiga makofi, karibu fainali nzima. Mpwa wangu hakulipenda hilo. Mimi nalipenda. Kocha anayewania ubingwa hamweki mtu wa miaka 34 mwishoni mwa benchi kwa huruma. Anamweka kwa sababu mazoezini anajua kuigiza pointi gadi wa timu pinzani, na vijana wanamsikiliza. Ila kama wewe moyo wako haustahimili benchi, funga safu hii mapema.

Marbury, aliyebeba begi lake mpaka likaota mizizi

Huyu alianzia juu. Alizaliwa Brooklyn, akachaguliwa wa nne mwaka 1996, akaingia Minnesota na Kevin Garnett, na wengi tuliamini wale wawili wangekuwa Stockton na Malone wapya. Mwaka 1999 akataka kuondoka, akaondoka. New Jersey, kisha Phoenix, kisha New York, kwao. Kipaji hakina mjadala. Alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wa ligi mara mbili, 2001 na 2003. Lakini kila alikopita aliacha maneno. New York ndiko kulikoharibika kabisa: msimu wa 2008/09 analipwa zaidi ya dola milioni 20 na hachezi, hatakiwi hata uwanjani, mpaka wakamalizana Februari 2009. Akamalizia msimu Boston, na NBA ikamfungia mlango akiwa na miaka 32.

(Mabano kidogo kwa wale wanaonunua viatu soko la Memorial hapa Moshi. Mwaka 2006, wakati viatu vyenye majina ya wachezaji vilikuwa vinapita dola 100, Marbury alitoa vyake, Starbury, kwa dola 14.98, na akavivaa mwenyewe kwenye mechi za NBA. Nilikuja kupata pea moja kwenye rundo la mitumba miaka kadhaa baadaye. Soli iliisha mapema, ila sikuwahi kukishangilia kiatu kama kile.)

Januari 2010 akapanda ndege kwenda China, timu ya Shanxi, mji wa Taiyuan, baridi kali na lugha asiyoijua. Msimu uliofuata Foshan. Mwaka 2011 Beijing Ducks. Mpaka hapo ni mtembezi anayekula miguu yake sawasawa na maneno ya dada. Ila Beijing ilikuwa timu ya mji mkuu ambayo haijawahi kuchukua ubingwa wa ligi ile, na yeye alikuwa pointi gadi ambaye hajawahi kuchukua ubingwa wa ligi yoyote. Machi 2012 wakaifunga Guangdong kwenye fainali. Wakachukua tena 2014 na 2015. Wakamjengea sanamu. Mwaka 2016 akapewa ukaazi wa kudumu, kitu wanachokitoa kwa wageni wachache sana. Msimu wake wa mwisho, 2017/18, alihamia timu nyingine ya palepale Beijing, akastaafu Februari 2018 akikaribia miaka 41, kisha akageukia ukocha hukohuko. Mgeni njoo mwenyeji apone; na mgeni naye alipona.

Nani alishika begi? Safari ya China alilishika mwenyewe. Na hii ndiyo tofauti ninayotaka kijana aione: Marbury wa Minnesota aliondoka mahali panapomhitaji kwa sababu ya kujiona, Marbury wa Beijing alikwenda mahali panapomhitaji akiwa ameshanyenyekea. Miguu ni ileile. Ligi ya China wakati ule iliruhusu timu nyingi wageni wawili tu, kwa hiyo mgeni hakuajiriwa kukaa benchi. Anaajiriwa kubeba timu, kucheza karibu mechi nzima, na asipoweza kufika Januari anafungashiwa. Ish asingedumu kule kwa mbio peke yake. Marbury naye, kwa tabia zake za ujana, asingedumu mwishoni mwa benchi la Denver hata wiki.

Kuna wa nne ambaye nusura nimwongezee safu, Earl Boykins, sentimita 165, mfupi kuliko mpwa wangu, kilo kama 60. Naye hakuchaguliwa kwenye drafti, naye alizunguka timu kibao za NBA. Januari 2005, akiwa Denver, alifunga pointi 15 katika dakika tano za muda wa nyongeza, rekodi ya wakati ule. Mwaka 2008 alipoona hakuna mkataba wa maana Marekani akaenda Virtus Bologna ya Italia, akacheza msimu mmoja, akarudi NBA. Yaani kutoka si lazima iwe kuondoka kabisa. Namtaja kwa ajili ya wafupi wote wanaosoma hapa.

Sasa turudi Moshi

Niseme la kwangu, maana nalo limo kwenye hukumu. Mwaka ule ule wa Thabeet, 2009, timu moja ya Arusha iliniita. Nilikuwa naanza kila mechi hapa. Nikapanda Kosta alfajiri, begi mapajani, Boma Ng'ombe, Usa River, Tengeru, najiona tayari nimefika Ulaya. Nikafika uwanjani nikawakuta pointi gadi watatu, wawili wakubwa kuliko mimi, na kocha ambaye hakukumbuka vizuri aliniitia nini. Nikavaa jezi namba 15, ile iliyobaki, inayonifika magotini. Miezi mitatu, mechi mbili, nauli yangu. Niliporudi Moshi nafasi yangu ilikuwa na mtu. Hakuna aliyenidanganya, mimi sikuuliza.

Kwa hiyo nikiweka safu tatu pembeni, ushauri wangu kwa kijana wa namba moja wa mikoa hii ni huu. Kama una kitu kimoja kinachofanya kazi popote bila kuzoeana, iwe mbio, iwe kukaba mpaka mtu akasirike, iwe mpira usiokutoka mkononi, basi soma safu ya Ish na usiogope timu nyingi, ili mradi unakubali kuanzia benchi. Kama wewe ni wa kubeba timu, mwenye kutaka mpira dakika za mwisho, basi tafuta Beijing yako: timu dhaifu inayokuhitaji kwa kweli, hata kama jina lake ni dogo. Stockton mwache. Ukijaliwa kocha asiyeondoka na mrefu asiyeondoka, utajikuta uko naye bila kupanga.

Mpwa wangu ni yupi? Mimi namwona ni Marbury wa kwanza akijidhania Ish. Ana mkono wa kufunga, anapenda kubeba timu, na benchi linamtoa machozi. Nimeyaona kwa macho yangu, Desemba, taulo kichwani akisingizia jasho. Mtu huyo ukimpeleka Dar es Salaam kugombea nafasi ya mwisho atarudi wiki ya tatu. Arusha, kwa upande mwingine, wana warefu wawili wazuri na hawana wa kuwapa mpira. Nimewaona wakicheza: mrefu anaweka ukuta safi kabisa, anamzuia mkabaji kwa mwili, anageuka kuelekea golini mkono juu, na pasi haiji, kwa sababu mwenye mpira anaangalia miguu yake.

Hakuniamini, na sikumlazimisha. Nilichomwomba ni kwamba apige simu zote mbili, na kila mmoja amuulize maswali matatu ambayo mimi sikuuliza: mna pointi gadi wangapi, mechi iliyopita nani alimaliza dakika za mwisho, na nauli ya nani. Dada akadakia kutoka jikoni, "Na ya kurudi."

Akatoka nje kupiga, karibu na banda la kuku ambako mtandao unashika. Wa Dar es Salaam alijibu la kwanza tu, wanne, akakata kwa sababu alikuwa kwenye daladala. Wa Arusha waliongea dakika ishirini. Aliporudi ndani alichukua daftari, akageuza ukurasa mpya, akaanza kuchora wale warefu wawili wanasimama wapi.